Mjadala: Aliyekwenda Uingereza kusoma akapata mwenza, abadili visa kule kule au arudi nyumbani kwanza?

Mwanzisha mada, Njiro

Habari zenu wana-Arusha na Moshi. Kuna msimamo unaorudiwa sana kwenye vikao vya wazazi wenye watoto wanaosoma Uingereza: kijana akipata mchumba raia wa kule, amalize chuo, arudi, ndoa ifungwe hapa mbele ya wazee, ndipo visa ya mwenza iombwe kupitia Dar es Salaam. Anayebadili visa akiwa kule kule anaitwa mjanja, eti masomo yalikuwa kisingizio. Naupinga msimamo huo.

Kanuni za Uingereza zinamzuia mgeni wa matembezi kubadili visa akiwa ndani. Mwenye visa ya mwanafunzi iliyo hai hazimzuii. Kwa viwango vya Aprili 2025, akiomba akiwa ndani ada ilikuwa pauni 1,321, na tozo ya afya pauni 1,035 kwa mwaka. Kibali ni cha miezi 30, hivyo tozo ilifika 2,587.50 na jumla 3,908.50. Akiomba kutoka Tanzania, ada ilikuwa 1,938. Kibali ni cha miezi 33 lakini tozo inatozwa kwa miaka 3 kamili, pauni 3,105, jumla 5,043. Hapo sijaweka nauli wala kipimo cha kifua kikuu, ambacho aliye ndani hadaiwi. Tofauti ni pauni 1,134.50. Tunawatupia vijana wetu mzigo huo ili majirani waridhike?

Mzee wa kanisa, Tengeru

Mwanangu, usituwekee majirani mdomoni. Posa, mahari na baraka za wazazi si mapambo ya kuja kubandikwa baadaye. Binti anaolewa na mtu ambaye wazazi wake hawajawahi kumtia machoni, siku mambo yakiharibika ataanzia kwa nani?

Hata siku za kusubiri, hapa ni chache. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa siku 21 kabla, iwe bomani au kanisani. Kule ni siku 28, na mmoja akiwa mgeni mwenye visa ya muda, taarifa inapelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo inaweza kuzirefusha hadi siku 70 ikichunguza kama ndoa ni ya kweli.

Ndoa za hapa zina kasoro moja, nayo naisema bila kuificha: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Eliakimu, cha kidato cha nne Eliakim, pasipoti imeongeza jina la babu. Anayejaza cheti cha ndoa anaandika jina alilozoea kumwita kijana tangu kipaimara. Cheti hicho kikifika kwa ofisa wa visa, ni mtu mwingine kabisa. Ileteni pasipoti kabla kalamu haijagusa karatasi, inakiliwe herufi kwa herufi. Kosa likishaandikwa, ni kiapo kwa wakili na safari za kwa msajili.

Wakili, Moshi mjini

Shikamoo Mzee. Naona kufunga ndoa na kuomba visa vimefanywa jambo moja, na ndiyo maana mnavutana. Kijana anaweza kuja likizo ya Julai, ndoa ikafungwa Tengeru, akarudi chuoni kwa visa yake ile ile kuendelea na masomo, kisha akaomba kubadili akiwa kule. Uingereza inaitambua ndoa iliyofungwa kihalali mahali ilipofungwa. Hata ya kimila, ila isajiliwe, maana ofisa anataka cheti, picha za mbege na mbuzi hazimtoshi. Kwa ndugu zangu Waislamu, nikaha iliyofungwa Moshi na kusajiliwa inahesabika. Nikaha ya msikitini kule Uingereza bila usajili wa kiserikali haihesabiki kisheria, na wengi wanaligundua hilo siku ya kujaza fomu.

Sasa kinachoharibu zaidi ni ratiba ya kamati ya harusi. Kijana ameoana kule kwa msajili, ameomba visa Novemba. Nyumbani wameshapanga sherehe Desemba, ukumbi umelipiwa, michango imeingia. Anapanda ndege kuja KIA akiamini ombi linaendelea kushughulikiwa. Kanuni inasema ukitoka nje ya Uingereza, Ireland na visiwa vyao vya jirani kabla ya uamuzi, umeliondoa ombi lako mwenyewe. Halisimami kukusubiri. Kama visa ya mwanafunzi nayo ilishaisha muda, hana cha kurudia, na sasa lazima aombe kutoka huku kwa ile bei ya pili. Angekaa kule asingedhurika: mradi aliomba kabla visa haijaisha, masharti yake ya zamani yanaendelea mpaka jibu litoke. Jibu la kawaida linachukua kama wiki 8. Sherehe ipangwe baada ya jibu.

Na aliyeacha masomo asijidanganye. Chuo kinamripoti, na visa hufupishwa, mara nyingi anabaki na siku 60. Akizipitiliza, kwa kawaida njia ya miaka 5 ya kufikia ukaazi wa kudumu inamfungia, anabaki na ile ya miaka 10, tena athibitishe kwamba kuna vikwazo visivyoshindika vya kuishi na mwenza wake nje ya Uingereza. Kwa mtu wa namna hiyo, ushauri wa Mzee wa kurudi nyumbani una nguvu.

Mhasibu, Sakina

Kinachoangusha wenye ndoa za kweli ni kipato. Tangu 11 Aprili 2024 kiwango ni pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato, kutoka 18,600. Na hapa ndipo ndani na nje vinapotengana kabisa: ukiomba kutoka Tanzania, unahesabiwa mshahara wa mwenza aliye kule peke yake. Ukiomba ukiwa ndani na una ruhusa ya kazi, mishahara yenu inajumlishwa.

Chukueni mwenza anayelipwa 17,000. Kijana anafanya saa 20 kwa wiki kwa kima cha chini cha Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa. Kwa wiki 52 ni 12,698.40. Pamoja wana 29,698.40, wamevuka. Kijana akirudi Arusha ili kuomba kwa heshima, wamebaki na 17,000. Pengo ni 12,000, na pengo linazibwa kwa akiba kwa fomula hii: zidisha pengo kwa 2.5, ongeza 16,000. Ni pauni 46,000, zilizokaa benki miezi 6 mfululizo. Zawadi ya wazazi inakubalika kama nayo imekaa miezi hiyo, mkopo haukubaliki. Asiye na kipato chochote anahitaji 88,500. Hizo ni zaidi ya milioni mia mbili za kwetu.

Ila kwenye hizo saa 20, ambazo ndizo ukomo wa mwanafunzi wakati wa muhula, kuna shimo. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na hakuna kufidia wiki moja kwa nyingine. Katika muhula, slipu ya mshahara inayoonyesha saa 26 kwa wiki moja ni ushahidi ambao kijana amejipelekea mwenyewe kwamba amevunja sharti la visa. Kisha linganisheni slipu na taarifa ya benki, mstari kwa mstari, miezi 6 kwa mwajiri yule yule. Slipu ikisema 1,031.15 na benki ikaonyesha 1,000 kwa sababu mwajiri alitoa 31.15 mkononi, mwezi huo una doa. Nyaraka ya mwisho isizidi siku 28 kabla ya tarehe ya kuomba. Ada ikishalipwa na ombi likakataliwa, hairudi. Inayorudishwa ni tozo ya afya.

Mimi kiwango chenyewe nakiona cha dhuluma. Kwa kima hicho cha Aprili 2025, mtu anayefanya saa 37.5 kwa wiki alipata 23,809.50 kwa mwaka. Raia wa Uingereza mwenye kazi ya kutwa nzima hawezi kumchukua mume wake! Hilo ndilo la kulipigia kelele.

Mama mlezi, Kijenge

Ahsante dada, umenifungua. Lakini mnahesabu pauni tu. Binti aliyebadili visa anakaa miezi 30, anaomba tena 30, na muda wote huo kibali chake kinamtegemea mume. Mume akigeuka? Na kuna madalali wanaouzia vijana ndoa za makaratasi kwa ahadi ya kibali. Kuoana nyumbani kunawachuja hao, kwa sababu muuza ndoa haji ukweni.

Wakili, Moshi mjini

Mama, la ndoa za makaratasi uko sahihi. Udanganyifu kwenye ombi unaweza kumfungia mtu kuingia Uingereza miaka 10, na cheti safi hakimwokoi, maana wanatazama mkataba wa nyumba, kodi ya halmashauri na barua zenye anwani moja. La mume kugeuka, ajue hili kabla: mwenye visa ya mwenza aliyeachana na mwenziwe kwa sababu ya ukatili anaweza kuomba ukaazi wa kudumu mwenyewe, bila kungoja miaka 5 wala saini ya mume. Akiwa hana pesa, kuna kibali cha miezi 3 cha kupata msaada wakati anaandaa ombi. Mume anayemtisha kwamba atamfukuzisha nchini anategemea asilijue hilo.

Mwanzisha mada, Njiro

Mzee na Mama, nakubali ndoa ifungwe hapa, Julai kama alivyosema wakili. Neno ujanja bado nalikataa, na hesabu ya dada mhasibu imenipa nguvu zaidi: kumwambia kijana arudi kuomba huku kunaweza kuwatenganisha watu waliooana mbele yenu.

Niongeze la miaka, maana wazazi huuliza. Miaka ya uanafunzi haiingii kwenye ile 5, hesabu inaanza siku visa ya mwenza inapotolewa. Ila inaingia kwenye njia nyingine ya miaka 10 ya kuishi kihalali mfululizo. Shahada ya chuo cha kule inamwondolea mtihani wa Kiingereza, lakini mtihani wa maisha ya Uingereza ataufanya, na ada ya ukaazi wa kudumu ilikuwa 3,029 kwa viwango vile vile vya 2025. Ukaazi haumnyang'anyi pasipoti yetu, ingawa akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo unapotea. Uraia wa kule ndio unaomtoa kwenye wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika wa nchi mbili.

Mzee wa kanisa, Tengeru

Julai sawa. Taarifa ya siku 21 ianze kuhesabiwa mapema basi, wasije wakafika wiki moja kabla. Na pasipoti ya mkwe nayo iletwe, hata kama ni nakala, kwa sababu jina lake pia linaandikwa kwenye cheti.