Divisheni one ya 7 ya HGE, BAM kapata S: anaweza kupata Uchumi UDSM?

kaka_mkubwa_moro

Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo ya watu waliopita njia hii maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Mdogo wangu wa kike amemaliza form six, kasoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Matokeo yake: Historia B, Jiografia B, Uchumi C, GS (maarifa ya jumla) C, BAM (ile hesabu ndogo ya form six) S. Divisheni one ya pointi 7. Form four hesabu alipata C. Yeye anataka uchumi, na anataka Mlimani, yaani UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), hilo hana mjadala nalo toka yuko form five.

Sasa juzi nimempeleka steshenari wanakofanya maombi ya vyuo, jamaa kaangalia matokeo akasema kwa HGE tena na S ya BAM asijisumbue, uchumi ni wa watu wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu), bora aombe ualimu mapema nafasi zisije zikajaa. Mtoto karudi nyumbani kanyong'onyea kabisa. Jirani yetu naye anasema one ya 7 haikosi chuo chochote Tanzania hii. Nimshike nani? Sitaki kumjaza matumaini hewa ila sitaki pia mtu wa steshenari amkatie njia dogo wakati yeye kazi yake ni kujaza fomu.

---

Mzee wa Bukoba Kati

One ya 7 hiyo mkuu, aplai ulale usingizi. Sisi wengine tuliingia na two.

---

chaki_na_ubao

Mkuu kaka, hapo juu tusidanganyane, na wa steshenari naye kakosea, ngoja nieleze taratibu kwa sababu kila mwaka naona watoto wangu shuleni wanaumia kwenye jambo hili hili.

Kwanza futa neno divisheni kichwani unapoanza kufikiria chuo. Divisheni ni ya NECTA (baraza la mitihani), na pointi zake zinahesabiwa kuteremka, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, kwa hiyo dogo 2 na 2 na 3 ndio hiyo 7, na one inaishia 9. Pointi za TCU (tume ya vyuo vikuu) ni za kupanda, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Na TCU haijumlishi masomo yote matatu, inachukua mawili yanayotambulika kwa kozi hiyo. Kiwango cha chini cha nchi nzima ni prinsipo mbili (ufaulu wa A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili zinafika, au C na E.

Kwa hiyo mtoto mwenye B mbili ana 8 kama Historia na Jiografia zote zinakubalika kwenye kozi anayoomba. Kozi ikitaka Uchumi uwe mmojawapo ana 3 na 4, ni 7. Kote huko kapita kiwango cha chini kwa mbali sana. Yule wa steshenari anayesema asijisumbue hajafungua hata kitabu.

Ila kufikia kiwango na kuchaguliwa ni vitu viwili tofauti, hapa ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa. Kitabu cha mwongozo cha TCU kinatoka kila mwaka, kiko bure mtandaoni, toleo la form six liko peke yake na la sifa linganishi (kama wa diploma) peke yake. Tafuta ukurasa wa UDSM, shuka mpaka kozi ya uchumi, utaona safu ya masharti, safu ya pointi za chini za chuo chenyewe, na safu ya idadi ya nafasi. Hiyo idadi ya nafasi ndiyo watu hawaiangalii. Walioomba wanapangwa kwa ufaulu mpaka nafasi zinaisha, sasa kozi yenye jina kama uchumi Mlimani inavuta watu wa EGM, ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), HGE, mpaka PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) wanaotoroka uhandisi, wote hao wako kwenye foleni moja na dogo.

Halafu soma sentensi ya hesabu kwenye yale masharti, neno kwa neno. Kozi nyingi za uchumi zinataka hesabu ionekane mahali, ama hesabu ya advansi (ile kubwa ya form six), ama BAM, ama hesabu ya form four, na gredi inayotakiwa inatofautiana kozi na kozi, chuo na chuo. S ya BAM ni alama 35 mpaka 39, ni ufaulu mdogo lakini ni ufaulu, siyo F. Na C yake ya form four usiidharau, mara nyingi ndiyo inayofungua mlango. Kaa na dogo mkisome pamoja msikisikie kwa mtu.

---

Mzee wa Bukoba Kati

Mwalimu nimekuelewa ila mimi nilimaliza 2014 nikiwa na B na C na tulihesabiwa vizuri tu, sasa hizo pointi zako B kuwa 4 mbona kwangu ilikuwa 3?

---

chaki_na_ubao

Mkuu wewe ni wa kile kipindi cha B+. Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao, A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kuanzia 2016 tukarudi kwenye A, B, C, D, E. Ndio maana usimpimie mtoto wa sasa kwa cheti chako, gredi zenye herufi ile ile hazikuwa na thamani ile ile.

---

binti_wa_UE

Naomba niongee kama mtu niliye ndani, niko mwaka wa pili uchumi (chuo naomba nisikitaje) na mimi nilitokea ECA na BAM siyo advansi.

Kaka mimi naona swali lako la kuingia limejibiwa vizuri, ila swali linaloniuma mimi ni lile la baada ya kuingia. Watu wanafikiri uchumi wa chuo ni ule wa form six, wa kueleza sababu tano za mfumuko wa bei halafu unaandika hitimisho. Hapana. Semista ya kwanza tu unakutana na hesabu za wachumi, takwimu na maikro, na mwalimu anaandika ubaoni kama vile wote mmesoma advansi. Wale wa EGM wiki za mwanzo wanacheka tu maana ni marudio kwao.

Nikupe mfano mdogo kabisa wa maikro mwaka wa kwanza. Mtu ana shilingi 4000, kitumbua 200, kikombe cha chai 400, kuridhika kwake ni vitumbua mara vikombe, je anunue vingapi vya kila kimoja ili aridhike zaidi? Kwa BAM unajua kutafuta derivativu (kasi ya kubadilika) ya kitu kimoja kinachobadilika. Hapa vinabadilika viwili na pesa imekubana, kwa hiyo unafundishwa derivativu za upande mmoja mmoja na njia ya Lagrange, na jibu linakuja vitumbua 10 na vikombe 5. Ukijua derivativu vizuri hii unaielewa jioni moja. Kama derivativu yenyewe ulikuwa unakariri ili upate S, unaanza kukopi madesa (notisi za wenzako) bila kuelewa, na mwaka wa tatu ekonometriki (takwimu za kiuchumi) inakukuta hivyo hivyo.

Niliona wenzangu watatu wanne hivi wa divisheni one nzuri za Historia wakila sapu (kurudia mtihani) ya hesabu, mmoja akadisko (akaondolewa chuo) kabisa, na siyo kwamba alikuwa mjinga, alikuwa anaandika insha kuliko sisi wote. Na nimeona pia wa HGE aliyekuja na BAM mbovu akapiga msuli toka wiki ya kwanza na sasa hivi GPA yake iko juu ya 4. Kwa hiyo kaka muulize dogo swali moja la kweli, ile S ilitokana na nini? Kuna shule BAM haina mwalimu, watoto wanajisomea wenyewe, na kwa kuwa BAM haiingii kwenye divisheni wengi wanaiacha kwa makusudi wanakazana na masomo matatu. Kama ni hivyo basi ile S haisemi chochote kuhusu akili yake. Lakini kama alikuwa na mwalimu, akajitahidi, na hesabu zikamshinda kabisa, hapo mfikirie tena, maana miaka mitatu ni mingi kuishi na kitu unachokiogopa.

---

kaka_mkubwa_moro

Aisee asanteni sana, mwalimu na dada binti_wa_UE Mungu awabariki. Nimemuuliza. Anasema form five walikuwa na mwalimu wa BAM akahamishwa, form six wakawa wanafundishwa na wenzao wa EGM usiku. Matriki na takwimu anasema anaziweza, intigresheni ndio hakuwahi kuielewa.

Swali lingine, ana rafiki yake wa EGM kapata two ya 10, Uchumi C, Jiografia C, Hesabu D. Kwenye uchumi hapo nani yuko mbele? Maana wenyewe wameshaanza kubishana.

---

chaki_na_ubao

Kwa pointi dogo yuko mbele. Rafiki akichukua masomo mawili bora ana 3 na 3, ni 6, wakati dogo ana 7 au 8 kutegemea masharti. Lakini sharti la hesabu rafiki analivuka bila kugusa, ana prinsipo ya hesabu ya advansi, na D ya hesabu ya advansi siyo kitu kidogo. Kwa hiyo kozi kama ya uchumi na takwimu inayodai hesabu zaidi, huyo rafiki anaweza kuwa na sifa na dogo asiwe nazo kabisa hata awe na A ya Historia. Ndio maana nasema masharti kwanza, pointi baadaye. Waache kubishana, waombe wote.

---

mpambanaji_wa_mzumbe

Niongezee hapa kwa sababu naona tumeishikilia Mlimani kama vile uchumi unafundishwa Dar tu. Mzumbe kuna shahada za uchumi zaidi ya moja, sera na mipango, miradi, idadi ya watu na maendeleo. UDOM wana uchumi. SUA wana uchumi wa kilimo na biashara ya kilimo, na wewe uko Moro, ni pua na mdomo. Chuo cha Mipango Dodoma kipo. Mimi nilisoma Mzumbe, nimekaa kwenye usaili wa kazi na watu wa kila chuo na maswali yalikuwa yale yale, elastisiti, sera ya fedha ya Benki Kuu, soma jedwali hili utuambie unaona nini. Hakuna aliyeniuliza geti la chuo changu linaangalia wapi.

Mwambie aweke Mlimani kwenye chaguo la kwanza, ni haki yake na pointi anazo, lakini asiombe chuo kimoja. Tangu TCU waache ule mfumo wa pamoja mwaka 2017 kila chuo unaomba kwenye mfumo wake, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuomba viwili vitatu zaidi ya ada za maombi. Na aombe dirisha (awamu ya maombi) la kwanza, asisubiri la pili, la pili ni la nafasi zilizobaki, na uchumi Mlimani sio kozi ya kutegemea mabaki.

---

dada_wa_mkopo

Mimi naongezea kidogo tu kuhusu steshenari maana yaliwakuta watu wa kwetu. Akaunti ya maombi ifunguliwe kwa imeili ya dogo na namba ya simu ya dogo, siyo ya mwenye steshenari. Akichaguliwa vyuo viwili atatakiwa kuthibitisha kimoja, na koda ya kuthibitisha inatumwa kwenye simu iliyosajiliwa. Binamu yangu koda yake ilienda kwa mtu aliyekuwa safarini hapatikani, siku za kuthibitisha zikapita, akaishia kuhangaika raundi inayofuata na kozi aliyokuwa anaitaka ameshaikosa.

Na bodi ya mikopo msisubiri majina ya chuo yatoke ndio muanze kutafuta cheti cha kuzaliwa, hiyo kuhakikiwa RITA (wakala wa vizazi na vifo) inachukua muda wake. Anzeni sasa hivi.

---

binti_wa_UE

Kaka nimeona jibu lako la intigresheni, hilo lisimtishe. Mwaka wa kwanza derivativu ndiyo inayokula muda kuliko intigresheni, na matriki na takwimu anazoziweza zote zinatumika sana. Mpaka vyuo vifunguliwe ana miezi ya kutosha, achukue kitabu cha BAM arudie funksheni, logarithimu na derivativu kwa kufanya maswali na kalamu, siyo kusoma tu kwa macho. Akikwama anitumie inbox nitamwelekeza, nipo likizo.

---

kaka_mkubwa_moro

Dada umenifuta jasho. Leo jioni tumekaa nacho kitabu cha TCU, yeye kasoma masharti kwa sauti mimi naandika, sharti la hesabu kwa uchumi Mlimani kaona analivuka kwa ile C ya form four. Uchumi na takwimu tumeacha. Kapanga Mlimani uchumi, kisha Mzumbe sera na mipango, kisha SUA uchumi wa kilimo. Kesho tunabadilisha namba ya simu kwenye ile akaunti maana kweli jamaa aliweka ya kwake. Nitamwambia akutafute inbox, jina lake ataanza na "HGE" ili umjue.