MREJESHO: Yule aliyeniita kilaza kwa sababu ya sarafu za Kilwa

Wakuu, asanteni sana kwa ushauri mlionipa nilipouliza hapa nimfanyeje mwenzangu aliyenitukana mtandaoni. Kwa wageni: mimi na mwenzangu tunaandika historia ya pwani kwa kujifurahisha tu. Nilisema sarafu za Kilwa zilizookotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944 hazithibitishi kwamba Waswahili walifika huko. Mwenzangu huyo akaniita kilaza na kibaraka wa wazungu.

Aliyenishauri nimpeleke polisi kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, samahani mkuu, sikufika huko. Kwa ugomvi wa sarafu?

Nilifuata ushauri wa kujibu hoja na kuyaruka matusi. Nikamwandikia kwamba sarafu husafiri mikononi mwa yeyote, na hapohapo ziliokotwa sarafu za Kiholanzi pia. Sasa nani alizileta? Hapo alijibu kistaarabu, tena kwa hoja nzuri kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi. "Kilaza" amelifuta. "Kibaraka" bado lipo, na kuomba radhi hataki.

Kumtuma mzee tunayemheshimu wote kulikwama: alimsikiliza, akasema "shikamoo", basi. Wafuasi wake ndio wanaendelea kunitukana, hao nimewazuia.