Frisbigofu Helsinki: mtu anayeanza anunue diski ngapi?

Mtoto_wa_Tanga: Wadau habari zenu. Wenzangu wa kazini wamenialika Jumamosi tukacheze frisbigofu, ule mchezo wa kurusha diski mpaka itue kwenye kikapu cha minyororo, pale bustani ya Meilahti, na mi kurusha kwangu kote ni mifuniko ya ndoo enzi za utoto. Nimeingia dukani nikakuta ukuta mzima wa diski, zote naona zilezile, muuzaji kanimwagia maneno nikatoka mikono mitupu. Ninunue ngapi? Na kuna kiingilio? Bosi naye atakuwepo jamani.

KakaTampere: Mkuu kiingilio hakuna, viwanja vingi huku ni bure unaingia tu unacheza. Pakua app ya UDisc, ina ramani na inakuhesabia mirusho, mwenye michache ndo mshindi. Diski nunua moja tu, ile ya masafa ya kati Wafini wanaita midari, draiveri, yaani ya masafa marefu, achana nayo kwanza. Juu ya diski utakuta namba nne, ya kwanza ni spidi, we usivuke 5. Mi kwa kiburi changu nilianza na ya 12, zile zinataka mkono wenye kasi, ukiirusha kivivu inakata mapema, na sie wa mkono wa kulia tunaovutia kifuani inakata kushoto, basi kila mara naifuata kwenye majani yao yale yanayowasha kama upupu. Nilirudi nyumbani miguu inawaka moto.

MamaZawadi: Moja haitoshi kaka, ikinasa juu ya mti je? Aongeze na puteri ya kumalizia karibu na kikapu. Halafu mdogo wangu, andika namba yako ya simu nyuma ya diski kwa maka peni. Ya mwanangu ilipotea vichakani tukaisahau, siku hiyo meseji hiyo inaingia, mtu kaiokota.

KakaTampere: Sawa mama, mbili basi. Ila set ya dukani asinunue, ndani wanamwekea draiveri.

Bin_Kigoma: Pale ni bustani ya watu wote, kuna wakimbiaji, watu na mbwa wao, vigari vya watoto. Hujaona njia nyeupe usirushe, na diski ikimwendea mtu piga kelele "varo!", yaani angalia kwa Kifini. Mkiwa wengi na nyuma kuna watu wanaharakisha, wapisheni wapite.

Mtoto_wa_Tanga: Mrejesho wadau. Nilienda na midari na puteri. Kikapu cha kwanza mirusho 8, nikatamani kurudi home. Cha sita nikarusha kama mita kumi hivi, nikasikia minyororo chwaa! diski ikatulia ndani, nilipiga kelele mpaka mbwa wa watu akaanza kubweka. Bosi yeye draiveri yake iko juu ya msonobari mpaka sasa. MamaZawadi, ile puteri ni ya aina gani mnatumia nyie, maana hii yangu nikiishika ina utelezi kwenye mvua?