Mnageuza duka la vitabu sehemu ya kupigia picha makava, likifungwa mnajifanya kulia

Wadau leo niacheni niongee maana nimejaa hadi hapa. Mi nauza vitabu, ndo kazi inayonilisha, na kama unasoma huu uzi na huwa unafanya haya basi jua nakusema wewe kabisa.

Juzi kaja jamaa anataka kitabu cha kujifunza kuchora, nikamtolea vitatu, nikakaa naye karibu nusu saa namweleza kipi kinamfaa anayeanza na kipi kitamchosha, yeye anafunua tu, kile kikubwa kakibinua hadi mgongo ukalia kwaa, kapiga picha kava, kapiga na ile namba ya ISBN kule nyuma inayotambulisha kitabu, halafu akaomba waifai. Waifai ya dukani!! Nikampa kama mjinga, kumbe anaagiza mtandaoni hapohapo mbele yangu. "Asante, nimekipata kwa bei poa." Huyo kaondoka. Sasa kitabu kilichovunjwa mgongo nani ananunua? Vilivyododa vikiwa safi tunamrudishia mchapishaji, hicho hakipokei, hasara yetu.

Na nyie wa "nitumie PDF" sijawasahau. Mtu ana PDF mia mbili kwenye simu, kasoma utangulizi wa mbili, eti na yeye msomaji. (Asiyeona anayesikiliza kitabu cha sauti, au aliye mbali na duka, sina ugomvi naye, msinigeuzie kibao.)

Halafu hicho cha kwenye simu nani kakwambia ni chako? 2009 Amazon walifuta vitabu vya George Orwell ndani ya Kindle (vifaa vyao vya kusomea vitabu) za watu waliokwisha kulipa, unawasha kifaa hakipo. Hela walirudishiwa sawa, ila mi sijawahi kuingia chumbani kwa mteja nikabeba kitabu nikamwachia chenji mezani. Microsoft nao 2019 walifunga duka lao la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vya watu vikayeyuka navyo.

Ila na sisi wauzaji tusijifanye malaika. Borders, kampuni ya maduka ya vitabu ya Marekani, 2001 iliwakabidhi Amazon wawaendeshee mauzo ya mtandaoni, yaani fisi kapewa bucha alinde, kufika 2011 ikafilisika maduka yakafungwa. Hata bosi wangu nikimwambia tuweke orodha ya vitabu vyetu mtandaoni anasema wateja watakuja tu wenyewe. Wanakuja kweli, na kamera.

Sasa leo asubuhi nani kaingia? Yuleyule wa kuchora. Kitabu kimemfikia, kinatoka ukurasa wa 96 kinaruka hadi 113, kurasa 16 nzima hazipo, na waliomuuzia hawajibu meseji, kwa hiyo anaomba MIMI nimbadilishie. Nikamtolea kile alichokivunja mgongo, nikamwambia hiki kaka kina kurasa zote, na bei ni ileile ya juzi.