Kivumishi cha Kiingereza na maneno yanayokizunguka: fomu, mikataba na mahojiano

Kutoka: mwanajumuiya, Leicester

Ndugu wanajumuiya, pamoja na salamu,

Ninamsaidia shemeji yangu kujaza fomu ya malipo ya ulemavu ya hapa Uingereza, yale yanayojulikana kwa kifupi kama PIP. Katika sehemu inayohusu kutembea tuliandika "She is able to walk to the bus stop". Mshauri aliyetusomea rasimu alisema sentensi haina kosa la sarufi, lakini ikipelekwa ilivyo itamponza. Wakati huohuo mwanangu, anayepanga nyumba na wanafunzi wenzake, ameletewa mkataba unaosema kwamba wapangaji ni "jointly and severally liable to pay the rent". Naona sentensi zote mbili zinatutatiza mahali pamoja, yaani kwenye kivumishi na maneno yaliyo kabla na baada yake. Namwomba Mwalimu wetu wa Reading, akipata nafasi, atufafanulie.

Kutoka: mwalimu mstaafu, Reading

Ndugu wa Leicester, salamu zimefika.

Umepaona penyewe. Katika maandishi ya ofisi, kivumishi cha Kiingereza ni nadra kusimama peke yake. Kabla yake hutangulia kielezi kinachokiwekea kipimo au sharti, na baada yake hufuata kitenzi chenye "to" kinachoonyesha kivumishi hicho kinahusu tendo gani. Sisi tumezoea kuweka kipimo mwishoni, kama tunaposema mgonjwa sana au mkubwa vya kutosha, na kwa sababu hiyo tunaposoma Kiingereza macho hukimbilia kivumishi na kukiruka kielezi kilichotangulia, ilhali mara nyingi uamuzi mzima umefungwa ndani ya kielezi hicho.

Nianze na fomu ya shemeji. "Able to walk", bila kielezi chochote, humwambia msomaji kwamba mtu huyu anatembea wakati wowote anaotaka. Kanuni za PIP hazipimi uwezo kwa namna hiyo. Zinauliza kama mtu anaweza kulifanya tendo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kulirudia kadiri inavyohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya muda wa juu ambao mtu asiye na ulemavu huo angeutumia kwa kawaida. Masharti hayo manne kwa Kiingereza ni vielezi au mafungu ya maneno yanayofanya kazi ya kielezi: "safely", "to an acceptable standard", "repeatedly" na "within a reasonable time period". Anayeandika "able" bila kuyagusa amekiri zaidi ya ukweli wake mwenyewe. Kama hali yake ndivyo ilivyo, aandike "She is rarely able to walk to the bus stop safely", kisha aeleze kinachotokea njiani na saa zinazofuata. Kama siku nyingine hutembea bila taabu, hilo nalo aliseme, pamoja na idadi ya siku hizo kwa wiki. Jihadharini pia na "hardly". Neno hilo halimaanishi kwa bidii wala kwa ugumu, bali kwa shida sana au karibu na kutoweza kabisa, kama katika "hardly able to stand". Wapo wanaoingia kwenye usaili wa kazi wakasema "I work hardly", na anayewasikiliza akabaki akishangaa.

Jambo ambalo naliona kwa wengi wetu ni kuchanganya "very" na "too". Huko nyumbani watu husifu chakula kwa kusema "too sweet", na wanaelewana vizuri. Huku "too" ni lawama au kizuizi, na ikifuatwa na kivumishi kisha kitenzi chenye "to", hubeba ukanusho usioonekana. "He is too ill to work" maana yake ni kwamba anaumwa kiasi cha kutoweza kufanya kazi, ingawa neno "not" halimo. Sentensi kama "He is very ill to work" haibebi maana hiyo, na daktari au mwajiri anaweza kubaki na "very ill" tu bila kuona kwamba umezungumzia kazi. Upande wa pili yupo "enough", ambaye hutupa ahueni kwa kuwa huja baada ya kivumishi kama vya kutosha yetu: "well enough to work", "old enough to drive". Mbele ya nomino ndipo hutugeuka, kwa maana husemwa "enough money", si "money enough".

Kosa la tatu ni la mpangilio. Mara kwa mara nasikia "I am difficult to find a job". Vivumishi kama "difficult", "easy", "hard" na "impossible" vina tabia ya pekee: kiima kinachovitangulia ndicho kinachotendwa na kitenzi cha mwisho. "This letter is difficult to understand" ni sawa, maana barua ndiyo inayoeleweka au isiyoeleweka, na hakuna haja ya kusema "to be understood". Mtendaji tunamweka kwa "for": "It is difficult for me to find a job". Vivumishi kama "eager", "willing" na "ready" huenda kinyume, kwa sababu kiima ndicho kinachotenda. Mwanaisimu Noam Chomsky aliitumia jozi ya "easy to please" na "eager to please" kuonyesha kwamba sentensi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kabisa kwa ndani. Katika ya kwanza tunazungumzia mtu anayeridhishwa kwa urahisi, katika ya pili mtu mwenye shauku ya kuridhisha wengine.

Sasa mkataba wa mwanao, ambao ningeutazama kwa makini kabla hajatia saini. "Liable to pay" hapa ni wajibu wa kisheria wa kulipa. (Kivumishi hichohicho katika "prices are liable to change" kinaeleza uwezekano tu, basi kitenzi kinachofuata ndicho kiwaongoze.) Uzito wote uko kwenye vielezi viwili vilivyotangulia. "Jointly" ni kwa pamoja. "Severally" haihusiani na wingi, bali ni kila mmoja kwa nafsi yake. Vikiunganishwa, mwenye nyumba anaweza kumdai mpangaji yeyote kodi yote ya nyumba, si sehemu yake peke yake, na mwenzao mmoja akitoroka, waliobaki ndio watakaolipa pengo. Utaratibu huohuo hutumika kwa wanandoa katika kodi ya halmashauri. Kama mwanao hawafahamu wenzake vya kutosha, aulize kama anaweza kupewa mkataba wa chumba chake pekee.

Kutoka: mwanajumuiya, Minneapolis

Mwalimu, shikamoo.

Nashukuru kwa ulivyogusa "willing", kwa kuwa katika fomu N-400 ya kuomba uraia wa Marekani neno hilo linarudiwa. Mwombaji huulizwa kama yuko "willing" kula kiapo chote, na kama sheria ikihitaji, kubeba silaha kwa ajili ya nchi. Wazee wetu huliona swali la silaha wakajibu "No, I am too old". Je, jibu hilo linachukuliwaje?

Kutoka: mwalimu mstaafu, Reading

Marahaba, ndugu wa Minneapolis.

Sentensi ya mzee ni sahihi, ila inajibu swali jingine. "Willing" inauliza ridhaa, "able" inauliza uwezo. Anayekataa kwa neno "No" amekataa kiapo, hata kama kilichokuwa moyoni ni maumivu ya mgongo. Kama anaridhia, ajibu "Yes, I am willing", na suala la umri halijaulizwa. Mwenye pingamizi la dhati la kidini dhidi ya silaha, huyo sheria inamruhusu kuomba kiapo kisicho na sehemu hiyo, na aseme wazi kwamba hiyo ndiyo sababu.

Tofauti hiyohiyo ina uzito zaidi kwa ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wanaoomba hifadhi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtaja mtu ambaye ni "unable or, owing to such fear, is unwilling to avail himself of the protection of that country". Hapo kuna milango miwili. "Unable" ni yule ambaye hawezi kupata ulinzi wa nchi yake. "Unwilling" ni yule asiyetaka kuutumia, na kwake mkataba umetanguliza sababu, yaani hofu. Kwa hiyo katika maelezo ya maandishi "I am not willing to return" isiachwe ikiwa tupu, maana itasomeka kama mtu aliyependa tu kubaki ugenini. Iandikwe hofu ni ya nani, ya nini na ilianza lini, na kama polisi au serikali iliombwa msaada ikashindwa, hilo liandikwe katika sentensi yake yenyewe, kwa "unable".