Klima mu karavani ya zamani: ku paa ao split?

Wa_Kampemba
Jambo bakubwa. Nilinunua karavani ya zamani ya tole ya aliminiumu, ilitoka Afrika ya Kusini, nataka tukuwe tunaenda nayo Likasi na familia. Shida ni joto, huu mwezi wa kumi saa nane ukiingia ndani uko kama mu furu ya makala, mtoto alilala dakika kumi akatoka shati yote imelowa. Juu kuko kadirisha ka hewa, nilipima sentimita 36 kwa 36, fundi moja anasema klima ya ku paa inaingia palepale bila kukata kitu. Niweke ile ao split ya nyumba, ile ya vipande mbili, kimoja ndani kimoja inje? Grupu yangu ya kutoa umeme ni 2 kVA.

FrigoKenya
Yaya, fundi hakudanganya, 36 njo kipimo chenyewe. Lakini ile mashini iko na kilo 30 mupaka 45, na hizi karavani za zamani ndani ya paa ni mbao nyembamba tu. Panda ngazi, sukuma pembeni ya kadirisha na kidole gumba. Ikibonyea kama mukate, mvua imeshakula mbao, hata kama tole juu inang'aa. Moja niliifungua, bisibisi ikazama mupaka ku mushikio.
Na hiyo grupu ah ah. Kompresere ikianza inavuta umeme mara kadhaa kuliko ikishazunguka, tena Lubumbashi tuko mita 1.200 hivi, hewa ni nyepesi, moteri ya grupu inapoteza zaidi ya 10% ya nguvu. Klima ya paa ya BTU 13.500 (BTU njo kipimo cha nguvu ya kupooza) itaizima. Split inverter ya BTU 9.000 inaanza polepole, ile grupu yako inaweza kuibeba.

MamaMapacha
Split ndiyo, lakini angalieni barabara! Bwana yangu alifunga ile ya inje mbele ku timoni, kile chuma cha kuvutia karavani, vizuri kabisa, kufika Likasi inapuliza upepo wa moto, tuyo ya shaba ilipasuka juu ya kutikisika, gazi yote imeenda. Sasa ameizungusha tuyo mara mbili na kuweka mipira chini ya mashini.

Tonton_Ruashi
Ukiona klima ya bei rahisi ya Marekani soma etiketi, ni volti 120, hapa ni 220.

Wa_Kampemba
Nimepanda. Kidole kimeingia pande mbili 😩 Basi split, ku timoni, na mipira. FrigoKenya, jumamosi uko? Leta ile bisibisi.