Nimeombwa kuwa mdhamini wa chama cha watu wenye ulemavu Moshi, nikague nini kabla ya kusaini?

Hesabu_Majengo

Habari za jioni wakuu. Chama kimoja cha watu wenye ulemavu hapa Moshi kimeniomba niwe mmoja wa wadhamini wake watano. Wanaoongoza ni wenyewe: mwenyekiti ni asiyeona, katibu anatumia kiti mwendo, na wajumbe wawili ni viziwi. Mimi sina ulemavu, kazi yangu ni uhasibu. Nyumbani wananiambia mdhamini ndiye anayekamatwa mkopo usipolipwa. Ni kweli? Na nidai karatasi zipi? Kikao ni Jumamosi ijayo.

Wakili_Sakina

Dada, neno ndilo linalowatisha. Wa mkopo ni mdhamini, wa mahakamani ni mdhamini, hata anayewanunulia vijana jezi tunamwita mdhamini. Huyu wa kwako ni mwingine: anashika mali kwa niaba ya wanachama. Sheria yake ni ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, na msajili ni Kabidhi Wasii Mkuu, pale RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadhamini wakishasajiliwa wanahesabika mtu mmoja kisheria. Wanashtaki na kushtakiwa kwa jina la bodi, na mmoja akifariki, kiwanja cha chama hakiingii kwenye mirathi yake. Kwa hiyo swali lako la kwanza Jumamosi liwe: hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani? Kama ni la mwenyekiti au la mwasisi, hilo lishughulikiwe kabla ya jambo jingine lolote.

Kinga hiyo ina mpaka wake. Ukisaini mali iuzwe kinyume cha katiba, au ukijua fedha zinaliwa ukanyamaza, unaweza kudaiwa wewe binafsi. Na siku benki ikikuletea fomu ya kudhamini mkopo wa chama kwa mali yako, huyo ndiye mdhamini wanayemsema nyumbani. Usisaini.

Karatasi: anza na katiba, kifungu cha wadhamini. Nani anawachagua, kwa miaka mingapi, nani anaweza kuwaondoa, akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao, ni wangapi. Kisha cheti cha chama chenyewe. Kuna waliosajiliwa kwa Msajili wa NGO chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na kuna walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kama vyama vya kijamii. Masharti yao hayafanani. Halafu cheti cha wadhamini na marejesho, yaani taarifa za kila mwaka zilizopelekwa RITA.

Hapo kwenye marejesho ndipo vyama vingi vinapokwama. Mkutano mkuu unachagua wadhamini wapya, watu wanapiga makofi, RITA hawaambiwi. Siku ya kubadilisha watia saini benki, majina yaliyopo ni ya waliohama na waliofariki, na fedha zinabaki zimelala. Linganisha muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya RITA, herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA.

Ulizia pia lakiri, yaani muhuri rasmi wa bodi, iko wapi. Ikiwa kwenye mkoba wa mtu mmoja, omba ihamie kwenye kabati lenye kufuli, na kiwepo daftari: tarehe, waraka uliogongwa, wawili walioshuhudia.

Vocha_na_Risiti

Naongezea ya fedha. Omba taarifa za benki za miezi 12, chagua malipo kumi makubwa, kila moja litafutie vocha, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na muhtasari wa kikao ulioidhinisha. Zikikosekana mbili tatu, uliza kwa upole, huenda faili limewekwa vibaya. Zikikosekana saba, usisaini hadi zipatikane.

Angalia kodi. Wengi wanaamini kusajiliwa NGO ni kusamehewa kodi. Siyo. Hadhi ya hisani kwa TRA huombwa na kuamuliwa na Kamishna Mkuu, na hata ukiipata, kodi ya mishahara ya wafanyakazi lazima ifike kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita. Adhabu zake hujilimbikiza kimyakimya, na wadhamini wapya ndio huzikuta.

Jambo moja nalisisitiza kwa mhasibu: usigeuke mweka hazina. Ukianza kuandika vocha, hakuna aliyebaki wa kuzikagua.

Nukta_Nundu

Wakuu mmesema vyema, ila chama hiki kinaongozwa na watu wenye ulemavu, na hilo lina masharti yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kamati ya mkataba huo, katika maoni yake ya jumla namba 7 ya mwaka 2018, inasema chama cha namna hii kiongozwe na watu wenye ulemavu na wawe wengi miongoni mwa wanachama. Sasa hesabu wadhamini: katika watano, wasio na ulemavu wakiwa watatu, mali yote imetoka mikononi mwa wenyewe, hata kama mwenyekiti ni wao. Omba katiba itaje idadi.

Ukiingia, kagua vikao kama unavyokagua vocha. Taarifa ya fedha iliyopigwa picha ikatumwa kama PDF, programu ya kusoma skrini inaiona karatasi tupu. Mwenyekiti anaidhinisha asichokisoma. Itumwe faili yenye maandishi halisi siku saba kabla, na jedwali liwe rahisi, bila visanduku vilivyounganishwa. NVDA, mojawapo ya programu hizo za kusoma skrini, ni ya bure na inalisoma vizuri.

Kwa viziwi, kikao kinachopita saa moja kinataka wakalimani wawili wa lugha ya alama, wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akichoka, anaanza kufupisha, na kinachofupishwa ni mjadala wa fedha. Mkalimani asikae kuupa mgongo dirisha, uso unakuwa giza. Asemaye awe mmoja kwa wakati. Gharama hii iandikwe kwenye bajeti ya mwaka, isiombwe kila kikao kama fadhila.

Na ukumbi: ngazi mbili za sentimita 15 zinahitaji njia mteremko ya mita 3.6, kwa uwiano wa 1 kwa 12. Ubao wa mita moja na vijana wa kusukuma ni hatari kwa katibu.

Hesabu_Majengo

Asanteni sana. Benki inataka mwenyekiti aweke dole gumba badala ya saini. Nikubali?

Nukta_Nundu

Muulize yeye kwanza, saini ni yake. Kama huwa anasaini, kata kadi ngumu mbili, kila moja itoboe dirisha la sentimita 8 kwa 1.5, mwongoze aliweke juu ya mstari, kalamu itembee ndani ya dirisha. Afanye mazoezi mpaka saini ifanane, ndipo ajaze kadi ya vielelezo, ile ambayo benki huhifadhi mfano wa saini. Kadi moja yenye dirisha ibaki kwake, nyingine kwenye kitabu cha hundi.